Sishuki, Gari ni Langu

4 Februari

Kwa mjomba wangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa kivulini na huna homa. Mkazamjomba naye shikamoo yake. Mwambie ule mto alionishonea ndio ninaoukalia hadi leo, ingawa umelala kama karatasi.

Hapa hatujambo. Mama anasumbuliwa na goti, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza nani kakuajiri umchunge. Kaka amepandishwa cheo ghalani, siku hizi hata kikohozi chake kina cheo. Wifi anakusalimu. Watoto wao wanakula kama unajaza gunia lililotoboka.

Ningekupigia simu, lakini majenereta yameshakula masikio yako, tutaishia kuitana "nini? nini?" mpaka salio likatike. Bora niandike.

Mjomba, unajua yaliyonipata. Nilianguka kutoka juu ya lori nikipakia makochi, na tangu hapo kiuno kwenda chini kimelala. Kazini walinilipa fidia. Kaka alisema ninunue kiti cha magurudumu cha kisasa, kilicho na mota. Mimi nikaagiza gari la vipande. Lilikuja ndani ya makasha kama kitanda cha kufunga mwenyewe. Kaka alicheka mpaka alipoona sitanii.

Jirani yetu mchomeleaji ndiye aliyenisaidia. Tumeunga fremu, tumeweka injini na gia ya otomatiki, bodi imekaa, milango inafunga. Pedali hatukuweka. Kuna wenzo mmoja wa mkono, ukiuvuta linakwenda, ukiusukuma linasimama. Liko bandani nyuma ya nyumba, jekundu, linapendeza. Lakini ndani ni debe tupu. Hakuna kiti, hakuna dashibodi, hakuna hata taa moja inayowaka.

Viti havinitishi. Nimevalisha makochi ya watu maisha yangu yote, sitashindwa kuvalisha viti viwili vyangu. Nyaya ndizo zinanitoa jasho. Zimekuja fungu moja limejisokota kama nywele za mtu aliyetoka kulala, na karatasi yake ya maelekezo imeandikwa lugha ambayo hata mchomeleaji, anayejua kila kitu, amekiri haijui.

Wewe ni fundi umeme wa magari tangu kabla sijazaliwa. Njoo, mjomba.

Mpwa wako,
Sindano

27 Februari

Mpwa wangu Sindano,

Marahaba. Barua yako imefika, aliyeileta aliikalia, ndiyo maana imechelewa na imekunjika. Sisi wazima. Mkazamjomba wako amefurahi kusikia habari za mto, anasema uufue. Mwanangu mkubwa yuko hapa na familia yake, anatuangalia vizuri, kupita kiasi.

Mpe dada yangu pole ya goti. Mwambie mimi nimesema asipande kwenye viti kufuta madirisha. Najua bado anapanda.

Kuhusu gari. Sitaweza kuja, njia ni ndefu na mgongo wangu hautaki basi. Na kwa kuwa umeniuliza, nakwambia kama mzazi: gari si kochi. Kochi likiharibika mtu anakaa chini. Moto wa betri ni mdogo lakini hauna adabu. Umefika mbali, umeonyesha watu kwamba unaweza, inatosha. Liuze hivyo hivyo kwa mtu mwenye fundi wake.

Usinielewe vibaya.

Mjomba wako

9 Machi

Kwa mjomba,

Shikamoo. Wote wazima. Mama nimemkuta juu ya kiti anafuta dirisha.

Nimesoma barua yako, nikairudia nikidhani nimeruka mstari. Wewe? Wewe uliyekuwa unanibeba mabegani mpaka karakana, ukanipa koleo kuchezea wenzangu wakipewa wanasesere? Leo ndiyo unaniambia nimeonyesha watu, inatosha? Sijengi gari ili watu waone, mjomba. Najenga ili niende. Nikitaka kufika dukani kununua uzi lazima nimuombe kaka, kaka amtazame wifi, wifi atazame saa. Nikirudi naulizwa kama sikuchoka. Uzi! Kwenda kununua uzi!

Mgongo wako upewe pole. Basi usije. Lakini kuchora huchori kwa mgongo. Nichoree waya upi unaanzia wapi unaishia wapi, niandikie kama unavyomwandikia mjinga, mikono ninayo. Ukikataa nitaunganisha kwa kubahatisha, na likiungua nitawaambia watu nilikuwa na mjomba fundi.

Mpwa wako yule yule,
Sindano

30 Machi

Sindano,

Marahaba. Wewe ni mama yako mtupu. Dada yangu aliwahi kumwambia baba yetu maneno ya namna hii, nyumba nzima ikanyamaza siku mbili.

Sisi hatujambo. Mjukuu ameota jino, anatung'ata sote bila ubaguzi.

Haya, nimeshindwa. Michoro minne iko ndani ya bahasha. Mistari amepiga mkazamjomba wako kwa rula, mimi nilikuwa namwelekeza, maana miwani yangu imevunjika. Nyekundu ni moto, nyeusi ni kurudi, rangi nyingine nimeandika pembeni. Sasa sikiliza.

Umeme ni kama mtoto wa shule, ukitoka nyumbani lazima urudi nyumbani. Unatoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi, unapita kwenye swichi, unafanya kazi kwenye taa, kisha unarudi kupitia chuma cha gari. Taa ikikataa kuwaka usianze kulaumu taa. Angalia kama njia ya kurudi imeshikana na chuma kisafi, kilichokwanguliwa rangi.

Usifunge nyaya ndani ya gari moja moja. Chukua ubao mrefu, piga misumari kufuata mchoro, zitandike nyaya zote hapo, zifunge, ndipo uziingize garini zikiwa kitu kimoja.

Fyuzi iwe dhaifu kuliko waya wake. Yenyewe ndiyo ife, waya upone. Na popote waya unapotoboa bati, vika tundu mpira. Bati ni kisu, Sindano. Gari linatikisika, kisu kinakata kidogo kidogo, halafu siku moja shaba inagusa chuma. Hapo ndipo utaujua ule ukosefu wa adabu niliokwambia.

Usiniharakishe na usijiharakishe.

Mjomba wako

2 Mei

Kwa mjomba mpendwa,

Shikamoo nyingi, na mkazamjomba kwa rula yake. Kaka hajambo. Mama hajambo, anasema baba yenu alistahili maneno yale.

Mjomba, laiti ungeona! Ubao nilitoa kwenye kochi la zamani. Nilipiga misumari, nikatandika nyaya rangi kwa rangi, na mchomeleaji alipoingia akasimama akasema, "Hii ni nini, ramani ya mishipa?" Tepu nyeusi nilianza nayo ikaninatanata vidoleni, nikaitupa. Nimeshona mifuko mirefu ya ngozi ya bandia, nyembamba kama mkia wa panya, nikaziingiza nyaya humo. Nataka uniambie kama ulishaona nyaya zilizovaa.

Kiti changu kimekwisha. Sponji ya chini nimeweka tabaka tatu, ngumu, ya kati, laini, na katikati nimechimba kibonde. Madaktari waliniambia adui yangu mkubwa ni kidonda cha kukaa, basi nimemshonea adui kiti asichokipenda. Ubavuni nimeinua mto unishike kwenye kona, maana miguu haitanisaidia kujishikilia. Rangi ni ya maziwa, uzi mwekundu. Sakafuni zulia la kijivu. Dashibodi nimeivalisha ngozi ile ile, na matundu ya swichi nimekata kwa mkono.

Siku moja nilijaribu kuwasha moto kidogo. Mambo hayakuwa mabaya.

Kwa sasa kazi imesimama. Betri imekufa, halafu mvua nazo. Nitakuandikia hali ikitulia.

Mpwa wako,
Sindano

21 Mei

Sindano,

Marahaba. Wote wazima, salamu ziishie hapo.

Betri mpya haifi ndani ya mwezi. Na tangu lini mvua inanyesha ndani ya banda?

Kaka yako ameniandikia. Anasema ulikuwa umekaa kwenye hicho kiti chako cha rangi ya maziwa, ukawasha swichi, waya uliopita chini ya dashibodi ukaungua ukakuangukia pajani, nawe hukujua. Ulikuwa unanusa tu, unauliza nani anachoma nguo. Anasema zahanati wamekufunga bandeji kutoka paja hadi goti. Anasema wifi yako hajalala vizuri tangu siku hiyo.

Mimi unaniandikia kwamba mambo hayakuwa mabaya.

Nikuambie na jingine. Kaka yako aliniandikia hata kabla ya barua yako ya kwanza, akaniomba nikikuandikia nikukatishe tamaa. Nilimkasirikia. Sasa namwona alikuwa na haki. Mtu asiyesikia moto hawezi kukaa juu ya nyaya. Acha. Nimesema acha.

Mjomba wako

3 Juni

Kwa mjomba,

Shikamoo.

Ni kweli yote. Waya wa taa za mbele nilisahau kuuvika mpira pale unapotoboa bati, bati likaukata kama ulivyonionya. Niliung'oa waya wa betri kwa mkono wangu mwenyewe, moto ukazimika. Kidonda kinapona. Sikukuandikia kwa sababu nilijua utaandika hiki ulichokiandika.

Na betri haikufa, ilichukuliwa. Kaka aliifungua nikiwa zahanati, akaifungia stoo. Nilijisukuma mpaka sebuleni, nikamkuta anakula.

Nikamwambia, "Kaka, betri yangu."

Hakuinua uso. "Kula kwanza."

"Sikuja kula. Nimekuja kuchukua betri yangu."

"Unajua mimi ndiye niliyekuokota pale chini?" akasema. "Walikuwa wamekufunika shuka. Watu walishaanza kuniambia pole. Nilikuzika siku ile, sitakuzika mara mbili."

Mjomba, nilimhurumia. Kisha hasira ikaipita huruma. Nikamwambia, "Basi nifukue, kaka, maana mimi niko hai, na humo ulimoniweka sipumui."

Wifi akaanza kukusanya sahani ambazo hazijaliwa. Mama alikuwa mlangoni. Betri sikupewa.

Sasa zamu yako. Unaniuliza kwa nini nadanganya, nami nakuuliza: hii barua ya mwisho ni mwandiko wa nani? "N" zile za mviringo nazijua, ni za mkazamjomba. Hata ile yenye michoro ilikuwa yake, nikasema ni miwani. Mtu havunji miwani miezi miwili, mjomba. Fundi asiyeshika rula, haji, hachori, haandiki. Kama ni ukweli tunaupeana, usiniachie mzigo wote peke yangu.

Na siachi.

Sindano

25 Juni

Sindano

Hii nimeandika kwa mkono wangu. Isome polepole, herufi zinacheza ngoma ambayo mimi sikuipiga.

Mikono inatetemeka. Ilianza na wa kulia, nikauficha mfukoni, kisha wa kushoto nao ukamfuata mwenzake. Daktari ana jina lake refu na dawa zinazonilaza mchana. Siwezi kushika waya mmoja nikaugusisha na mwingine. Siku moja nilichoma kiti cha gari la mteja. Mwanangu alifunga karakana siku hiyo hiyo, akaondoka na ufunguo, akaniwekea kiti barazani. Kizuri, kina mto. Nimekaa hapo. Wapita njia wananiamkia na kuniuliza kama nimekula.

Kwa hiyo uliponiita nije, unadhani ningekuja kufanya nini? Kutetemeka mbele yako? Mgongo wangu hauna neno. Barua ya kaka yako ilinipa tu pa kujificha.

Nilikasirika kwa sababu niliogopa, na nikaogopa zaidi niliposoma kwamba huachi. Kisha mkazamjomba wako akanisomea tena lile neno lako, humo ulimoniweka sipumui. Akaacha kusoma, akaangalia kile kiti barazani. Kisha akaenda zake jikoni.

Haya basi. Tengeneza hivi.

Ng'oa nyaya zote upande wako. Hakuna hata moja itakayopita karibu na miguu yako. Sanduku la fyuzi hamishia upande wa abiria, nyuma ya kifuniko kinachofunguka kwa mkono. Fungu zima lipite ubavuni kwa abiria, ndani ya mabomba ya plastiki kwanza, mifuko yako ya ngozi ije juu. Ni mizuri, sijawahi kuiona popote, ila ngozi ya bandia inashika moto.

Halafu swichi kuu ya kukata moto wote, ile kubwa nyekundu ya kuzungusha. Ifunge karibu na wenzo wako, mkono uifikie bila kuitafuta. Pua ikishtuka, unakata kwanza, maswali baadaye. Gari la mwenye miguu inayosikia linaweza kukosa swichi hiyo. Lako halitaikosa.

Mkono umechoka, mimi bado.

Mjomba

12 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma herufi kwa herufi. Nimelia kidogo, kisha nikang'oa nyaya zote.

Betri imerudi. Asubuhi moja kaka amekwenda kazini, mama alienda stoo na nyundo ya mchomeleaji, akapiga kufuli mara moja likaanguka. Akaiweka betri mapajani mwangu, akasema, "Mimi ndiye niliyemzaa yeye na wewe. Stoo ni yangu." Goti halikumsumbua hata kidogo.

Kaka alirudi, akaona kufuli chini, akalala bila kula. Hatusemezani.

Ule mguu umepona, umebaki na baka. Sina nafasi ya kuandika zaidi, nimeuacha ubao wazi.

Sindano

1 Agosti

Sindano,

Marahaba. Anaandika mkazamjomba wako, nami sifichi tena.

Nilimwambia mwanangu, "Nipe ufunguo wa karakana." Akasema, "Baba, mikono." Nikamjibu, "Mikono imestaafu, mdomo bado." Alibishana, akaleta na habari za daktari. Nikakaa chini mlangoni kwake, kwenye sakafu, mbele ya wakwe zake. Ufunguo ulitoka upesi.

Unamkumbuka yule fundi wa ng'ambo ya barabara, tuliyekuwa hatuamkiani? Amekuja juzi na basi ambalo taa zake zinawaka kila likipigwa honi. Siku zote aliamini mimi nina uchawi. Nikakaa juu ya tairi nikawa namwelekeza, mikono yake, maneno yangu. Tumegombana kutwa nzima. Sijafurahi hivyo tangu nioe. (Hilo la mwisho nimeliandika kwa kulazimishwa. Mkazamjomba.)

Usiende kukaguliwa mpaka umelitikisa gari zima kwa mkono na kuwasha kila taa tena.

Mjomba

6 Oktoba

Kwa mjomba na mkazamjomba,

Shikamoo zenu. Sisi wazima wa afya, na leo ninaandikia ndani ya gari, karatasi juu ya dashibodi. Nyamazeni niwasimulie.

Mara ya kwanza wakaguzi walinikatalia. Mkanda wa abiria tuliufunga kwenye bati tupu, wakasema ajali ikitokea utang'oka na bati lake. Walikuwa na haki. Mchomeleaji alinuna, akauhamishia kwenye fremu, akauvuta kwa winchi mpaka akaridhika. Leseni nayo walinizungusha, huyu ananipeleka kwa yule, mpaka nikapewa mpya iliyoandikwa gari la kuendesha kwa mikono.

Jana nikarudi. Uwanja umejaa malori na teksi, kila mtu ameshika karatasi zake. Mkaguzi ni mzee mfupi, miwani yake ameifunga kamba shingoni. Akawasha taa, indiketa, honi, waipa, zote zikatii. Akafungua kifuniko cha fyuzi, akatazama ile mishono, akakifunga taratibu. Kisha akamwita dereva wao, akanigeukia.

"Haya mama, shuka ili dereva wetu alijaribu."

Nikamwambia, "Sishuki."

"Ndio utaratibu. Kila gari linajaribiwa na dereva wa hapa."

"Gari ni langu, leseni ni hii. Sishuki."

"Tutakusaidia kushuka. Tutakuletea kiti."

"Mzee wangu, sikukataa kwa sababu siwezi kushuka. Nashuka kila siku. Leo sitaki. Mwambie dereva wako aingize kichwa aone kama kuna pa kukanyaga."

Dereva akainama, akatazama chini, akapapasa zulia. "Mzee, humu hakuna kitu. Ni wenzo tu, na mimi sijawahi kuushika."

Mkaguzi akavua miwani, akaivaa tena. "Sasa gari la namna hii litajaribiwa vipi?"

"Na mwenye kulijua. Panda upande ule, mkanda wako uko begani."

Nyuma foleni ilikuwa imeanza kupiga honi. Dereva wa lori akatoa kichwa, akapaza sauti, "Mzee, panda au utupishe!" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, mjomba. Nilijua akisema hapana, nitarudishwa nyumbani nikiwa nimekaa nyuma ya pikapu ya mtu, na gari litarudi bandani milele. Nikaushika usukani kwa mikono miwili. Kama ni kunishusha, wangenishusha nao.

Akapanda.

Nikauvuta wenzo, tukazunguka uwanja. Kona ya kwanza mto wa ubavuni ulinishika kama mtu. Akaniambia niongeze, nikaongeza. Halafu ghafla akapiga kelele, "Simama!" Nikasukuma. Gari likasimama palepale, miwani yake ikaruka ikabaki inaning'inia kwenye kamba.

"Breki ipo," akasema. Akapapasa mshono wa kiti. "Hivi viti amekuvalishia nani?"

"Mimi."

"Na nyaya?"

"Mimi na mjomba wangu."

Akaipiga karatasi yangu muhuri juu ya goti lake, humohumo ndani.

Sasa nyumbani. Nilifika geti limefungwa, nikapiga honi. Alikuja kaka mwenyewe. Hatujasemezana tangu lile kufuli.

"Umepita?"

"Nimepita."

Hakutoa hongera. Alifungua mlango wangu, akapiga goti pale chini, akaingiza mkono chini ya dashibodi, juu ya miguu yangu, akapapasa kila pembe. Akabana zulia, akalifunua. Nilimwacha. Alikuwa anatafuta waya hata mmoja. Alipoukosa aliendelea kupiga goti, kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua. Nikamwonyesha swichi kubwa nyekundu, nikaizungusha, gari likazimika lote. Nikaizungusha tena, nikaliwasha.

"Mjomba alisema niiweke hapa," nikamwambia.

Akatikisa kichwa, akainuka.

Mama alishatoka na mkoba wake na viatu vya kutokea. Akazunguka, akapanda, akaanza kupigana na mkanda.

"Tunakwenda wapi, mama?"

"Mimi ndiye niliye na usukani? Twende. Nimekaa ndani ya ukuta huu nikiwachunga msiuane, leo nataka kuona barabara."

Kaka akafungua geti. Tulipokuwa tunapita, akaweka kiganja chake juu ya paa, akawa anatembea nasi. Nilikwenda polepole. Tukapita nyumba ya mchomeleaji, akasimama na kinyago chake cha kazi kichwani, akatutazama. Tukapita duka, kaka yuko ubavuni na mkono wake uko juu ya paa, amevaa kandambili. Barabara ya lami ikaanza. Nikaongeza kidogo, naye akaongeza, akawa anakimbia mchakamchaka, shati limetoka nje.

"Mwambie mwenzio aondoe mkono," mama akasema, huku anatazama mbele.

Sikumwambia. Niliuvuta wenzo, kidogo tu. Nikasikia kiganja kikiteleza juu ya paa, kikafika ukingoni, kikaachia.

Kwenye kioo nilimwona amesimama katikati ya barabara, anahema, mkono wake bado uko juu usawa wa paa.

Sikusimama, mjomba.

Mpwa wako,
Sindano